Simu ya mezani ya mama: niikate au niihamishie kwenye intaneti?

Shikamoo Mjomba,

Naishi Upanga na mama yangu mzazi, kwenye fleti aliyotuachia marehemu baba. Mama ana miaka 79. Jambo langu ukilisikia huenda ukacheka, lakini nyumbani kwetu limeshaleta maneno mpaka watu wananuniana. Ni simu ya mezani.

Tunayo tangu 1986, enzi namba za Dar zinaanza na 051. Iko kwenye kimeza cha pembeni ya kochi la mama, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na chini yake kuna daftari la namba ambalo kurasa zake zimekuwa laini kama leso. Ukoo mzima unaijua namba hiyo. Msiba ukitokea, simu ya kwanza inalia pale. Mjomba wetu aliyeko Tanga hupiga kila Ijumaa baada ya sala, tena hapigi, anabipu: ikilia mara mbili ikakatika, mama anajua ni kaka yake, anampigia yeye.

Masika ya mwaka huu simu imeharibika. Ukinyanyua unasikia kama mtu anakaanga samaki ndani ya waya. Fundi amekuja mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Dada, hizi nyaya za shaba tutazibanabana mpaka lini? Wekeni faiba." Sasa faiba sisi tunayo, ila ya kampuni nyingine, tuliweka kwa ajili ya watoto, tunalipa Sh 70,000 kwa mwezi. Mdogo wangu wa kiume aliposikia hivyo akasema basi jibu limepatikana: tukate laini ya mezani, tununue kidude cha kuchomeka kwenye ruta, simu zote zipite kwenye intaneti, bili iishe. Ikishindikana, mama anunuliwe simu ya kisasa awe anapiga WhatsApp.

Hiyo ya WhatsApp tumeshajaribu. Mama anaigusa kwa ukucha, anakata badala ya kupokea, na akifanikiwa anaishika juu juu, dada yetu aliyeko Leicester anabaki anaongea na panga boi. Dada naye yuko upande wa mdogo wangu. Anasema kwao wameshahamishiwa simu zote kwenye intaneti, sisi tunang'ang'ania nini?

Mama hajaambiwa rasmi ila ameshanusa. Juzi akasema, "Hiyo simu baba yenu aliisubiri miaka minne. Mtaikata nikishakata mimi." Laini yenyewe mpaka leo iko kwa jina la baba.

Mjomba, tukihamia intaneti namba ile tutabaki nayo? Na LUKU ikiisha usiku, kama ilivyotuishia mwezi uliopita saa saba na mama amepandwa na presha, itakuwaje?

Binti wa Upanga

*

Marahaba mwanangu.

Sijacheka hata kidogo. Mimi nguzo nimezipanda, enzi za Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994 Posta wakaenda kwao na simu ikawa TTCL. Hiyo miaka minne ya baba yako naiamini. Mtu alikuwa anaomba laini mtoto yuko tumboni, inafungwa mtoto anasoma chekechea. Kwa hiyo mama akisema "simu ya mume wangu" hasemi habari za plastiki ile.

Ila hapo kwenu mnagombania vitu vitatu mkidhani ni kimoja. Mama anapigania chombo, kile chenye mkonga anachokijua kwa kupapasa. Mdogo wako anapigana na waya. Ukoo, mpaka Tanga, umeshika namba. Chombo unaweza kubaki nacho ukatupa waya. Namba ndiyo yenye kazi.

Nianze na chombo, maana hapo kuna habari njema. Kupiga kwa intaneti si lazima simu ya kugusa. Kidude anachokisema mdogo wako kipo, ni adapta: upande mmoja inaingia kwenye ruta, upande wa pili unachomeka simu ileile ya mezani, mama ananyanyua mkonga na kusikia mlio kama kawaida. Ruta nyingine zina tundu la simu kabisa kwa nyuma, limeandikwa TEL au PHONE. Hebu angalia yenu.

Lakini hukuniambia: simu ya mama ni ya kubonyeza au ya kuzungusha? Ya 1986 inaweza kuwa ya kuzungusha, na hapo kuna mtego. Simu ya kuzungusha haitoi milio, inakata na kuunganisha laini harakaharaka: namba 3 ni mikato mitatu, namba 7 ni saba. Ndiyo maana wazazi walipotia kikufuli kwenye tundu la kuzungushia, sisi watoto watundu tulikuwa tunagonga kile kitako cha mkonga kwa kidole, tunahesabu, na simu inaita. (Nimeshachapwa kwa kosa hilo, na baadaye nikalipwa mshahara kwa ujuzi uleule.) Adapta nyingi za sasa mikato hiyo haziielewi, zinasikia milio tu. Simu italia vizuri, mama atapokea, ila akitaka kumpigia kaka yake atazungusha mpaka kidole kiume. Kama ni ya kuzungusha, mnunulieni ya kubonyeza yenye tarakimu kubwa, hata Kariakoo zipo, mapema, azoee kabla hamjagusa kitu kingine chochote.

Na mkija kuchomeka hiyo adapta, asije mtu akaiunganisha na kile kitundu cha ukutani cha laini ya zamani ilhali laini bado hai. Umeme wa kwenye shaba unaweza kuiunguza, na fundi atakayekuja atakuambia imekufa kifo cha kawaida.

Umeme huo ndio jibu la swali lako la LUKU. Waya wa shaba unakuja na umeme wake kutoka kwenye mitambo ya simu, volti 48 hivi, na kule kuna mabetri na jenereta. Ndiyo maana mtaa mzima ukiwa giza simu ya mezani inalia. Wakati wa mgawo, mama yako aliongea na Tanga kwa mwanga wa mshumaa, muulize. Faiba ni uzi wa kioo. Unapitisha mwanga, haupitishi umeme hata chembe. Kwa hiyo kile kiboksi cha faiba ukutani, ruta, na hiyo adapta, vyote vitatu vinakula LUKU yako. Saa saba ile ya usiku, mama na presha yake, mngenyanyua mkonga mkakuta kimya kama cha simu ya kuchezea. Hata Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115 haliongezi tokeni kwenye mita yako.

Dawa ipo na si ghali sana: betri ndogo ya ruta, zinauzwa kwenye maduka ya umeme na kompyuta. Kabla hujanunua, geuza chaja ya kila kifaa usome volti na ampea. Nyingi ni volti 12, ila usinunue kwa kukisia, na hakikisha betri ina matundu ya kutosha kulisha vyote, maana nimeona mtu amewasha ruta kwa betri akasahau kiboksi cha faiba, waifai imejaa mistari yote na intaneti hakuna. Halafu jaribu kweli: zima swichi kuu ya nyumba saa mbili usiku, kaa, piga simu, uone inadumu saa ngapi. Na kwa kuwa mko kwenye fleti, chungulia kwenye ngazi. Kama kampuni imefunga swichi yao pale chini inayotumia umeme wa jengo, betri yako haitasaidia ikizimika ile.

Bando lisikutie hofu. Simu ya sauti, hata ile isiyobanwa sana, inakula MB 1.3 hivi kwa dakika ukijumlisha kwenda na kurudi. Saa nzima ni kama MB 78. Kwa faiba ya Sh 70,000 hiyo ni nazi moja kwenye shamba zima. Ya picha ni habari nyingine, lakini kwenu mlaji ni watoto, si mama.

Kinachonitia wasiwasi ni njia sauti inayopita. Mdogo wako akijiunga na kampuni ya ng'ambo ya kupiga kwa intaneti, mtambo wao uko hukohuko. Mama akimpigia shoga yake Kijitonyama, sauti inatoka Upanga, inaingia baharini, inafika Ulaya, inarudi tena baharini, ndipo inafika Kijitonyama, mahali ambapo ungefika kwa bajaji. Wataalamu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na safari ya kwenda na kurudi namna hiyo inaupita mpaka huo kirahisi. Ukiupita, watu wanaanza kudakiana maneno, halafu wote wananyamaza kumpisha mwenzake, halafu wote wanaongea tena. Wewe na mimi tutavumilia. Mzee wa miaka 79 anadhani mwenzake amechoka kuongea naye, anaaga.

Na bahari hiyo inakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika pamoja, intaneti ya nchi nzima ilisuasua, huku simu za kawaida za hapa ndani zikiendelea kulia. Mwishoni mwa Oktoba 2025 tukakaa siku kadhaa bila intaneti. Siku kama hizo ndizo ndugu wanatafutana kuliko siku zote.

Sasa namba. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu fundi na mdogo wako wote wamesema "faiba" na nyumbani mkadhani wamesema kitu kimoja. Hawakusema kitu kimoja.

Utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba ulianza Machi 2017, lakini ni wa simu za mkononi. Namba yenu ya 022 hamuwezi kuibeba mkaenda nayo kwa kampuni nyingine ya faiba, wala kwa kampuni ya ng'ambo. Mkikata laini, namba imekwenda. Mdogo wako atapewa namba mpya, na kama kampuni ni ya nje, inaweza kuwa namba ya Uingereza au Marekani. Basi mjomba wenu akibipu Ijumaa kutoka Tanga, anaita ng'ambo ili imlilie dada yake Upanga, na siku mtu akipokea kwa bahati mbaya salio lake la wiki limekwisha.

Fundi yeye, kama alikuwa anasema faiba ya kampuni ileile yenye laini yenu, kuna uwezekano mwingine: waya ubadilike, namba ibaki, simu ichomekwe nyuma ya ruta yao. Hilo ndilo la kwenda kuuliza. Nenda dirishani mwenyewe, usipige, na uliza hivi: "Namba yetu hii, herufi kwa herufi, itakuja juu ya faiba? Na laini ya shaba itazimwa kabla au baada ya hiyo mpya kulia?" Jibu la mdomo lisikutoshe, omba waliandike kwenye fomu ya maombi.

Watakuuliza mwenye laini. Hapo ndipo jina la marehemu baba litawakwamisha, kwa hiyo anza nalo hata leo. Beba cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, laini iandikwe kwa jina la mama. Nimeona familia inapoteza namba ya miaka thelathini kwa sababu kila mtu alikuwa analipa bili na hakuna aliyekuwa mwenye laini.

Dada yako wa Leicester mwambie yuko sahihi, kwa Leicester. Uingereza wameamua kuzima mtandao wa zamani wa simu, na tarehe ya mwisho ni Januari 2027. Mwanzoni walisema Desemba 2025. Wakaisogeza, na sababu moja kubwa ilikuwa wazee wanaotumia vifaa vya kuitia msaada vilivyounganishwa na laini hizohizo za zamani. Yaani hata wao walikwama kwa mama yako. Na mdogo wako anayeamini programu, mkumbushe Skype: watu walijaza namba zao humo miaka na miaka, tarehe 5 Mei 2025 ikafungwa. WhatsApp nayo haipigi namba ya 022 ya mtu, wala haiwezi kuita 114 zimamoto au 112 polisi. Tena ukimpa mzee WhatsApp, siku hiyohiyo umwambie kwamba akipigiwa na mtu anayeomba "zile tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji", akate. Aliyewahi kupokea "ile hela itume kwenye namba hii" anajua ninachosema.

Ningekuwa nyumbani kwenu ningefanya hivi. Kidude cha mdogo wako nisingekifunga kwenye simu ya mama. Ningekwenda kuulizia namba ihamie faiba ya mwenye namba, na kama jibu ni ndiyo, ningelipia faiba hiyo na kuiacha ile nyingine ikishathibitika, maana faiba mbili kwenye fleti moja ni kuchezea hela. Kama jibu ni hapana, ningeendelea kuwasumbua waibane ile shaba, wakague kiungo kilichoingia maji, maana mkoromo wa masika mara nyingi ni sehemu moja tu iliyolowa, si waya mzima.

Na kwa jibu lolote lile, wiki hiihii ningenunua ile simu ya mezani inayotumia laini ya mkononi. Umeziona kwenye maduka na kwenye mapokezi ya zahanati: ina mkonga, ina vitufe, na tumboni ina betri yake. LUKU ikiisha inaendelea kuwaka. Hiyo ndiyo simu ya saa saba ya usiku. Kwa kupiga Tanga na Kijitonyama vifurushi vya dakika vinatosha, intaneti haina cha kukuokolea hapo. Muulize muuzaji inapokea mtandao gani, usichukue ya zamani sana. Kusajili, nenda na mama na namba yake ya NIDA, asubuhi, bila haraka. Vidole vya wazee vimelainika, mashine wakati mwingine inagoma mara tatu nne, na kijana wa kwenye meza ataanza kupumua kwa nguvu. Mvumilieni wote wawili.

Intaneti iache ifanye kazi inayoiweza, ambayo ni Leicester. Chukua kishikwambi cha watoto kilichokwisha kupasuka kona, kiegemeze juu ya kabati kikimtazama mama kwenye kochi, wewe upokee, yeye aongee. Dada ataona uso badala ya panga boi.

Lolote mtakaloamua, laini ya zamani na mpya ziishi pamoja miezi miwili walau. Namba mpya muiandike kwenye daftari la mama kwa mwandiko mkubwa, ukurasa wa kwanza, na mjomba wa Tanga aanze kubipu huko Ijumaa moja kabla, aone kama inalia mara mbili au anakata haijalia bado. Mitandao mingine inachelewa kuita.

Na mama aambiwe. Na wewe, si fundi, na si siku fundi yuko mlangoni na koleo. Usimwambie habari za teknolojia wala za bili. Mwambie waya umeoza, kwamba unatafuta namna namba ya baba ibaki, na umuulize yeye simu mpya iwekwe upande gani wa kochi. Mtu aliyekaa na simu miaka yote hiyo ana maoni kuhusu urefu wa waya.

Ruta ikija kukaa pale kwenye kimeza, kile kitambaa cha kufuma kiwe juu ya simu. Juu ya ruta usikubali, inapata joto ikaanza kujizimazima, na lawama atapewa mdogo wako.

Mjomba